Adhabu Ikiisha, Daftari Nalo Lifungwe

Msafiri atokaye Makutano, akapita Butiama akielekea Mugumu, hana budi kupita Natta. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, nayo inakaa ubavuni mwa nchi ya wanyama. Kila mwaka makundi ya nyumbu yaendapo kaskazini hupita karibu na mashamba ya watu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951. Kabla ya hapo Wanata na jirani zao Waikoma waliwinda katika nyika hizo kama baba zao walivyowinda, wala hapakuwa na aliyeuita uwindaji huo wizi. Leo mpaka upo, na sheria ipo, nayo ni kali.

Hatuandiki juma hili ili kuilaumu sheria hiyo. Wanyama wale ni mali ya taifa zima, na taifa lisilowalinda leo litabaki kuwasimulia watoto wake hadithi kesho. Twaandika juu ya jambo litokealo baadaye, mtu akisha kukamatwa, akisha kuhukumiwa, akisha kuadhibiwa, akarudi nyumbani. Tunauliza swali moja: Je, adhabu yake imekwisha?

Tumfikirie kijana mmoja wa Natta. Hatumtaji jina, kwa maana si mtu mmoja bali ni mfano wa wengi. Alipokuwa na umri wa miaka 20 alifuatana na wenzake porini, wakakutwa ndani ya mpaka wa hifadhi, yeye akiwa na panga na nyaya za kutegea. Alifikishwa mahakamani Mugumu, akashtakiwa kwa kuingia hifadhini bila kibali na kwa kukutwa na silaha humo. Wenzake walimnong'oneza: “Kubali tu, mambo yaishe upesi.” Hati ya mashtaka iliposomwa, alijibu: “Ni kweli.” Akafungwa mwaka mmoja.

Alipotoka hakurudi porini. Alilima mtama na mihogo, akaoa, akajenga nyumba, akazaa watoto wawili. Ikapita miaka 7. Ndipo vijiji vilipotangaza nafasi za askari wanyamapori wa vijiji, na wazee wakamwambia: “Mwanangu, nenda wewe, unazijua njia zote.” Katika karatasi alizotakiwa kuleta ilikuwamo hati ya Polisi ya kuonyesha kwamba hana kumbukumbu ya jinai. Akaenda, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Jambo ambalo kijiji kilikuwa kimekwisha kulisahau, vidole vyake vililikumbuka. Nafasi akapewa mwingine.

Kijana huyu alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Lakini miaka 8 baada ya hukumu angali anaadhibiwa, wala hakuna ajuaye atamaliza lini. Hakimu hakumpa adhabu hii ya pili. Daftari ndilo lililompa.

DAFTARI NI KITU GANI?

Mtu akitiwa hatiani, mahakama huandika, na Polisi nao huandika. Kumbukumbu hiyo ina kazi njema. Mtu akishtakiwa tena na kutiwa hatiani, mwendesha mashtaka humweleza hakimu kama ni kosa la kwanza au amekwisha kuonywa mara nyingi, na hakimu hupima adhabu kwa kadiri hiyo. Bila daftari, mwizi wa mara ya kumi angehukumiwa sawasawa na mtoto aliyeteleza mara moja.

Ila daftari hilo halikai mahakamani tu. Siku hizi linafunguliwa mlangoni pa kazi, pa leseni, pa safari za ng'ambo. Kwa hiyo katika nchi nyingi watu wamejiuliza kama lisiwekewe mwisho, nao wamepata njia mbili, ambazo yafaa tuzitofautishe.

Njia ya kwanza ni kuifuta kumbukumbu. Ukurasa huondolewa katika daftari, na mtu huhesabiwa kana kwamba hakuwahi kutiwa hatiani. Njia ya pili ni kuifunga. Ukurasa haukuondolewa, bali umetiwa kufuli. Mwajiri hauoni, jirani hauoni, lakini mahakama na Polisi wanao ufunguo wakiuhitaji kwa sababu ya haki. Njia ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, kwa sababu haiwanyang'anyi mahakimu habari wanayoihitaji, wala haimfungi mtu maisha yake yote.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Hapa hatuna budi kusema ukweli, maana wako watu wanaowachukulia maskini fedha zao kwa kuwaahidi “kusafishiwa jina”. Katika Tanzania hakuna sheria inayofuta au kufunga hatia ya mtu mzima kwa sababu tu miaka imepita na amekaa vema. Anayekudai shilingi ili akufutie jina katika daftari la Polisi ni mwongo, au anataka kukuingiza katika kosa jipya la rushwa.

Lakini milango haikufungwa yote. Iko mitatu, na kila familia yapasa iijue kabla ya kuihitaji. Aijuaye kwa kuchelewa mara nyingi huikuta imefungwa.

Mlango wa kwanza: kabla ya hukumu

Doa lisiloandikwa halihitaji kufutwa. Kwa hiyo saa iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kusomewa mashtaka, saa ambayo watu wengi huipitisha kwa neno moja la haraka.

Kukiri kosa ulilolitenda kweli ni uungwana, na mahakama hulihesabu hilo katika kupima adhabu. Lakini kukiri usilolielewa, ili “mambo yaishe upesi”, ni kujitia kitanzi. Sheria yasema kwamba aliyekiri kosa mwenyewe hawezi tena kukata rufani kupinga hatia. Aweza kulalamikia tu ukubwa wa adhabu au uhalali wake, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili, au kwamba maneno aliyoyakiri hayakuwa kosa kisheria. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Basi mshtakiwa asione haya kusema: “Mheshimiwa, sikuelewa, naomba nielezwe tena.” Wala mzazi asimshauri mwanawe kukiri ili tu wawahi gari la kurudi nyumbani.

Katika makosa madogo, kama vile ugomvi wa majirani usioleta madhara makubwa, mahakama yaweza kuwahimiza watu kupatana, shauri likaisha kwa fidia. Hata kosa likithibitika, hakimu ana njia nyingine zaidi ya gereza. Kanuni ya Adhabu yamruhusu, akiona kwamba haifai kumwadhibu mtu, kumwachilia bila masharti, au kwa sharti kwamba asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yamruhusu kumpa mkosaji kazi ya kuwafaa watu, kama kufagia hospitali au kutengeneza barabara, badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Njia hizi hazitumiki kwa kila kosa. Hata hivyo, hakimu hawezi kuyapima mambo asiyoambiwa. Familia ifike mahakamani, ieleze umri wa kijana, kazi yake, na kwamba ni kosa lake la kwanza.

Kwa watoto sheria imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na yakataza kumhukumu kifungo cha gerezani. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kina thamani kubwa siku ya mashtaka. Mzazi aliyekiacha sandukuni siku hiyo anaweza kumwona mwanawe wa miaka 17 akihesabiwa mtu mzima.

Mlango wa pili: rufani

Huu ndio mlango wenye nguvu kuliko yote. Mahakama ya juu ikibatilisha hatia, mtu hasamehewi tu. Anatangazwa kwamba hakupasa kutiwa hatiani. Hapo doa limeondoka kweli.

Mlango huu una saa yake. Aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Wilaya. Aliyehukumiwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi yampasa kutoa taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 10, kisha kuleta rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku alizokaa akingoja nakala ya hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani hupeleka karatasi zake kwa mkono wa mkuu wa gereza. Aliyechelewa kwa sababu ya kweli aweza kuomba aongezewe muda. Watu wa Mara hawalazimiki tena kuvuka hadi Mwanza kwa kila rufani, kwa maana Mahakama Kuu ina masjala yake Musoma.

Je, rufani hizi zina faida, au ni kupoteza nauli? Tutazame mashauri ya nchi hiyohiyo ya Serengeti. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani, katika mashauri yaliyotoka Mara, ilitamka kwamba kifungu cha Sheria ya Hifadhi za Taifa kilichokuwa kikitumika kuwashtaki watu kwa kuingia hifadhini isivyo halali, kama kilivyosomeka baada ya marekebisho ya mwaka 2003, hakikuunda kosa hilo. Tena, katika rufani kadhaa za nyara, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba nyama inayoharibika ikipelekwa kwa hakimu ili iamriwe kuteketezwa, mshtakiwa naye yapasa awepo na asikilizwe. Pasipo hivyo, ile hati ya orodha ya nyama haifai kuwa ushahidi dhidi yake. Watu waliokuwa wakitumikia kifungo kirefu walitoka kwa sababu hiyo. Wala kifungo hicho si jambo dogo, kwa maana kupatikana na nyara za Serikali kwaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 20 au zaidi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alikiri mashtaka mawili, na moja ni lile la kuingia. Huenda shtaka hilo lingaliondolewa kama angaliuliza, au kama ndugu zake wangalikwenda Musoma mapema. Hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana leo tunaliandika jambo hili katika gazeti, lisomwe na nyumba ambazo bado hazijafikwa na shida.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili yake, nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia watu kuandika barua zao na kuwaonyesha njia.

Mlango wa tatu: msamaha wa Rais

Ibara ya 45 ya Katiba yampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu yake, kuibadili iwe nyepesi, au kuifuta yote ama sehemu yake. Mara nyingi mamlaka hayo hutumika katika sikukuu za taifa. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533.

Twapaswa kuelewa vema tendo hilo. Mfungwa aliyepunguziwa miaka amefunguliwa mlango wa gereza. Hakufunguliwa mlango wa daftari. Adhabu imeondolewa, hatia imebaki imeandikwa. Wengi hutoka siku hiyo wakishangilia, wakidhani wamesafishwa kabisa, kisha wakashangaa mwaka unaofuata waombapo kazi. Kenya nako kuko karibu na hali hii. Katiba yao ya mwaka 2010, katika Ibara ya 133, inampa Rais mamlaka ya msamaha, naye hushauriwa na kamati maalumu iliyowekwa kwa kazi hiyo.

NCHI NYINGINE ZIMEFANYAJE?

Mwaka 1972 kamati moja ya Uingereza, chini ya Lord Gardiner aliyekuwa amepata kuwa mkuu wa sheria wa nchi hiyo, ilitoa taarifa juu ya watu waliokosa zamani na kuishi vema baadaye. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Bunge la huko lilipitisha sheria iliyosema kwamba mtu akisha kumaliza adhabu na kukaa muda uliowekwa bila kosa jipya, hatia yake huhesabiwa imekwisha, na kwa kazi nyingi halazimiki kuitaja. Mwanzoni vifungo vilivyozidi miaka 2 na nusu havikuguswa na rehema hiyo. Polepole mpaka umesogezwa, na tangu mwaka 2023 hata baadhi ya vifungo vilivyozidi miaka 4 vinaweza kuhesabiwa vimekwisha baada ya miaka 7, ila si kwa makosa mazito ya kujeruhi, ya uasherati wa kulazimisha, au ya ugaidi.

Afrika Kusini iliweka njia yake kwa sheria ya mwaka 2008. Aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani yasiyo mazito, akakaa miaka 10 pasipo kufungwa kwa kosa jingine, humwandikia Mkurugenzi Mkuu wa Wizara ya Sheria, na jina lake likafutwa. Nao waliotiwa hatiani kwa sheria za ubaguzi wa rangi hufutiwa pasipo hata kuomba, kwa kuwa sheria zenyewe ndizo zilizokuwa kosa. Katika Marekani jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria mwaka 2018, ambayo kwayo makosa mepesi hufungwa na mitambo yenyewe muda ukifika, mtu asihangaike na barua wala wakili. Waliona kwamba haki inayongoja kuombwa huwafikia wenye elimu na fedha, ikawapita maskini.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali ili kupata mfano. Katiba yetu wenyewe imekwisha kuonyesha njia. Ibara ya 67, inayotaja watu wasioweza kuchaguliwa kuwa wabunge, yamzuia mtu aliyetiwa hatiani na kutumikia kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu katika muda wa miaka 5 kabla ya uchaguzi. Wenye kuitunga Katiba waliona kwamba doa nalo lina umri. Basi ikiwa atakaye kututungia sheria amewekewa hesabu ya miaka, mbona atakaye kulinda nyumbu kijijini kwake hakuwekewa hesabu yoyote?

HOJA YA WANAOKATAA

Wako watu wanaokunja uso wasikiapo maneno haya, nao hatuwezi kuwapuuza. Mkoa wa Mara waijua shida hiyo kuliko wengi. Tarime na Rorya ziliwekewa Kanda Maalumu ya Polisi, na wizi wa mifugo ni moja ya sababu zake. Mzee aliyeamka asubuhi akakuta zizi tupu, mahari ya wanawe imekwisha kuvuka mpaka usiku, atauliza: “Mwizi afutiwe jina, na mimi nani atanifutia hasara?” Mama naye atauliza kama mtu aliyemharibu mtoto aweza siku moja kufundisha shule bila yeyote kujua.

Hoja hizi ni za haki, nazo zina majibu. Kwanza, hakuna nchi yenye busara iliyoyafuta makosa yote. Hata Uingereza, mtu atakaye kazi ya kulea watoto aweza kuulizwa hata yale ambayo kwa kazi nyingine yamekwisha. Pili, aliyedhulumiwa alipwe kwanza. Fidia iliyoamriwa na mahakama ikamilike, ndipo hesabu ya miaka ianze. Tatu, muda huo uvunjwe na kosa jipya. Wazee wetu waliyasema yote hayo kwa maneno machache: Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo haimwachilii mwenye kurudia. Inamwachilia aliyeanguka akainuka.

Tena mwenye ng'ombe na afikiri neno hili. Kijana aliyetoka gerezani, akikataliwa kila kazi ya halali, mwishowe atakula wapi? Nchi ya Natta imekwisha kujibu kwa vitendo. Jumuiya ya wanyamapori ya Ikona, iliyopata jina lake kwa kuunganisha Ikoma na Natta, ni ya vijiji vitano: Robanda, Natta-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti. Karibu nayo, katika mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, imejulikana kwa miaka mingi kwamba baadhi ya waliokuwa wakiwinda kwa siri waliajiriwa kuwa askari wa kulinda wanyama walewale. Aliyewaajiri hakufanya hivyo kwa huruma tu. Ajuaye mahali pa kufichia mtego ndiye ajuaye mahali pa kuutafuta.

DAFTARI LA KIJIJINI

Hadi hapo tumesema habari za mahakama, Polisi na Bunge. Lakini kuna daftari jingine lisilotunzwa na ofisi yoyote, nalo linatunzwa na sisi wenyewe. Ni lile la kisimani, la gulioni, la barazani. “Yule? Si ndiye aliyefungwa?” Mtoto wake akigombana na wenzake shuleni, huitwa mtoto wa mfungwa. Binti yake akiposwa, watu huenda usiku kuwaonya wachumba. Kuku wa jirani akipotea, macho yote huelekea mlango mmoja.

Zanzibar magereza yao yaitwa Vyuo vya Mafunzo. Jina hilo lina maana kubwa. Atokaye chuoni huulizwa amejifunza nini. Sisi tumemwuliza lini mwenzetu aliyerudi swali hilo? Kijiji kisichompa mtu shamba la kukodi, wala mkopo wa mbegu, wala nafasi katika kikundi cha kuweka akiba, kimemhukumu mara ya pili. Na katika hukumu hiyo ya pili hapana utetezi, hapana rufani, hapana siku ya kutoka.

Hatusemi kwamba mtu aliyeiba sanduku la ushirika akabidhiwe funguo zake siku ya kurudi. Uaminifu hurudishwa kidogo kidogo, kama ulivyopotea. Ila pawe na njia ya kuurudisha. Apewe kazi ndogo kwanza, atazamwe, aongezewe. Wazee watakaomshuhudia na wamwandikie barua: tangu aliporudi, miaka kadhaa sasa, ameishi nasi kwa amani. Barua hiyo haifuti daftari la Polisi, lakini mwajiri mwenye akili huisoma, na kamati ya kijiji huipima.

Yeye naye aliyerudi ana wajibu wake. Asitunze uchungu peke yake, bali atunze na karatasi: nakala ya hukumu, hati ya kuachiliwa, stakabadhi ya faini au ya fidia aliyolipa. Aliyeachiliwa huru, au aliyefutiwa mashtaka, naye apate nakala ya amri hiyo na kuiweka mahali pasipovuja, maana siku moja ataulizwa kwa nini aliwahi kushikwa. Akiulizwa na mwajiri kama alipata kutiwa hatiani, asidanganye. Uongo huo ndio utakaomwondoa kazini hata pale ambapo kosa la kale lisingalimwondoa. Aseme ukweli kwa ufupi, aonyeshe miaka iliyopita, aonyeshe na mashahidi.

NENO LA MWISHO

Twawaomba waheshimiwa wabunge walitazame jambo hili. Haliombi fedha nyingi, wala halimwachilii mwovu. Linaomba hesabu tu: kosa fulani, miaka fulani ya kukaa vema, kisha ukurasa utiwe kufuli. Hakimu akitaja mwaka mmoja, basi pawe na siku ambayo mwaka huo umekwisha kweli.

Nasi tusingoje Bunge. Kufuli la daftari la kijijini tunalo mikononi mwetu tangu leo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, watoto wetu wakubwa wanajua la kufanya wakisomewa mashtaka wasiyoyaelewa? Vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi?

2. Katika kijiji au mtaa wetu, nani amerudi kutoka gerezani katika miaka hii mitano? Amepewa kazi gani, na nani amemtembelea?

3. Kwa makosa gani ingefaa daftari lifungwe baada ya muda, na kwa makosa gani isifae? Aliyedhulumiwa angesemaje akiwa ameketi pamoja nasi katika mazungumzo haya?